Niliyomwambia Dada Mwajabu

Siku yangu ya kwanza kazini nilivunja herufi ya M. Ilikuwa taipureta ya ofisi ya shamba la mkonge, imeletwa kusafishwa tu, na Mzee Hasanali alikuwa ameniambia nisiguse kitu mpaka amalize chai yake. Nikagusa. Mkono mmoja mwembamba wa chuma, ule unaobeba herufi, ulikuwa umepinda kidogo, nami nikataka mzee aone kwamba ameajiri mtu mwenye macho. Niliunyoosha kwa koleo. Ukakatika kama njiti ya kiberiti.

Mzee Hasanali aliweka kikombe chini, akachungulia ndani ya mashine, kisha akaniangalia juu ya miwani.

"Sasa hawa wataandikaje mkonge?" akauliza. "Wataandika 'konge'?"

Hakunifukuza. Alishusha rafuni taipureta iliyokufa, akaitoa M yake, akatumia alasiri nzima kuiunga mahali pa ile niliyoivunja. Mimi nilishika taa. Alipomaliza alibonyeza M mara ishirini, ameinamisha kichwa kama anayesikiliza mapigo ya moyo. "Hoza," akaniambia, "mashine inasema yenyewe inaumwa wapi. Sikiliza kwanza, fungua baadaye." Miaka yote niliyofanya kazi sikupata fundisho lililo bora kuliko hilo, na ninyi mnaobaki na karakana yangu hapa Korogwe mmelisikia mpaka mmechoka.

Duka la Mzee Hasanali lilikuwa na sehemu mbili. Mbele aliuza madaftari, wino na karatasi za kaboni. Nyuma ndiyo karakana. Babu yake alitoka Bara Hindi, lakini yeye alizaliwa hapa hapa, na Kishambaa alikijua kiasi kwamba akina mama wa sokoni walikoma kumsengenya mbele yake. Alinipa sanduku la mbao lenye bisibisi nne, koleo mbili, brashi ya meno, chupa ya petroli na kopo la mafuta ya cherehani. Kwa vitu hivyo tulihudumia ofisi, shule na mahakama za Korogwe na Handeni. Mwaka wa kwanza tu nilijua kwamba mashine nazo zina magonjwa ya mahali. Kule Vugiri, kwenye ukungu, ugonjwa ni kutu. Handeni ugonjwa ni vumbi. Mjini ni makombo ya andazi. Mahakama moja walituita mashine imekwama, nilipoifungua nikakuta panya amezaa ndani, watoto watano, juu ya kitanda cha hati za mashtaka zilizotafunwa. Karani aliniomba nisimwambie hakimu. Sikumwambia, na sasa hakimu amekwisha kustaafu, kwa hiyo naandika.

Kisha ukaja wakati wa mageuzi ya biashara. Bidhaa zilizokuwa zikitafutwa kwa kibali zikaanza kuning'inia madukani. Utepe wa taipureta, ambao tulizoea kuuloweka mafuta ili utumike mara ya tatu, ukawa unauzwa hadi kwenye vibanda. Lakini mlango uliopitisha bidhaa kuingia ndio uliopitisha watu kutoka. Mashamba ya mkonge yalipunguza wafanyakazi, ofisi zikafungwa, na mashine nilizokuwa nikizitunza kama ng'ombe wa mtu zikapangwa barazani zipigwe mnada.

Hapo ndipo nilipomjua vizuri Dada Mwajabu.

Alikuwa katibu muhtasi wa meneja kwenye shamba mojawapo. Mzigua wa Kwaluguru, mrefu, mkavu wa maneno, na vidole vyake vilipiga taipu bila macho kutazama chini. Alipopunguzwa kazi, wenzake walinunua cherehani au wakafungua magenge. Yeye alikwenda mnadani akachukua taipureta sita. Watu walimcheka. Alinifuata dukani siku ile ile.

"Hoza, zitatembea?"

Nilizisikiliza moja moja. "Nne zitatembea kesho, dada. Mbili zinahitaji mwezi."

"Basi nipe nne kesho. Hizo mbili nitazisubiri. Nafungua chuo."

Alifungua Manundu, hapa hapa Korogwe, kwenye nyumba ya vyumba viwili, na tangu siku hiyo nimesadiki kwamba mtu anaweza kubuni mambo mapya kwa vitu vya zamani. Vyuo vingine vya uhazili vilifundisha kwa kitabu. Dada Mwajabu alishona vitambaa vyeusi vyenye mifuko miwili, mwanafunzi akaingiza mikono humo asione herufi kabisa. Aligonga mdundo mezani kwa rula, wasichana wakapiga taipu kwa pamoja, ukipita nje ungedhani kuna ngoma. Akapata mashine kuukuu ya kudurufu, akazungukia shule za wilaya akiwaambia walimu wakuu: nileteeni mitihani, nitaipiga chapa mwenyewe, nitaifunga kwenye mfuko wenye kufuli, na ufunguo mtabaki nao ninyi. Hakuna aliyewahi kufikiri hivyo hapa. Katika muda mfupi mitihani ya shule zote za karibu ilipitia mikononi mwake, na haukuvuja hata mmoja. Siku za gulio aliweka meza nje, wakulima wakaja kuandikiwa barua za mashauri ya viwanja na mirathi. Wasichana wake walipata kazi mpaka Tanga na Muheza.

Kila Ijumaa nilikwenda kuzisafisha mashine zake. Tulizungumza nikiwa nimelala chini ya meza, nakaza skrubu zilizolegezwa na ule mdundo, na yeye akisahihisha kazi za wanafunzi. Mke wangu, Asia, alisoma pale bila kudaiwa ada, akapata kazi ya ukarani sekondari, na watoto wetu wamesoma kwa kazi hiyo. Siku nilipomshukuru, Dada Mwajabu alisema, "Unanishukuru nini? Ungeniambia zile mashine hazitatembea, ningekuwa nauza mboga." Hivyo ndivyo alivyoniamini. Neno langu juu ya mashine lilikuwa kwake kama neno la daktari.

Mzee Hasanali alifunga duka wanawe walipomtaka akae nao Dar es Salaam. Siku ya mwisho alinipa rafu nzima ya mashine zilizokufa, akanikalisha kwenye kiti alichokalia yeye miaka yote. Nilitegemea kuagwa. Hakuniaga.

"Wanangu huko wana kompyuta dukani," akasema. "Nimekaa nayo siku tatu. Hoza, sisi tumekwisha."

"Mzee, hizo ni za mabenki."

"Nami nilisema hivyo siku ya kwanza. Siku ya tatu nikanyamaza. Mtu anakosea neno, analifuta kwenye kioo kabla halijafika kwenye karatasi. Barua ya mwaka jana anaiita, inakuja, anabadilisha jina tu. Kajifunze. Usingoje zikukute."

Nilimtii. Kila Jumamosi nilipanda basi la alfajiri kwenda Tanga, kwenye chumba kimoja chenye kompyuta nne na feni moja, nikajifunza kuzifungua na kuzifunga. Nilimwambia Asia peke yake. Sababu ya kuficha niliijua vizuri, nami naiandika hapa kwa sababu ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Nusu ya kazi yangu ilikuwa mashine za Dada Mwajabu na za ofisi zilizoajiri wanafunzi wake. Kama angehamia kwenye kompyuta kabla sijaiva, angemwita fundi wa Tanga, na huyo fundi angechukua mji mzima. Nilitaka taipureta ziishi mwaka mmoja zaidi, mpaka niwe tayari.

Ijumaa moja alinikuta chini ya meza kama kawaida. Akavuta stuli, akakaa.

"Hoza, toka huko chini kidogo. Nina shauri."

Nikatoka, nikafuta mikono.

"Watu wa Handeni wananitaka," akasema. "Wana wasichana wamemaliza shule, hawana pa kwenda. Nimepata chumba karibu na stendi. Sasa njia ni mbili. Kuna mpwa wangu Dar anaweza kunipatia kompyuta mbili zilizotumika. Au kuna taipureta nane za idara fulani, nzuri, zinatolewa. Siwezi vyote. Wewe ndiye fundi. Niambie ukweli."

Ninakumbuka kwamba mvua ilikuwa imekatika muda mfupi uliopita na bati linatiririsha maji. Ninakumbuka nilijibu haraka.

"Dada, Handeni umeme wenyewe unaujua. Leo upo, kesho haupo. Kompyuta ikizimwa ghafla inakufa. Taipureta haijui mgao. Chukua zile nane."

"Kwa hiyo hizi kompyuta ni mambo ya kupita?"

"Huku kwetu zitachukua miaka kumi."

Aliniangalia. Akasema, "Haya. Wewe ndiye unayejua," akaenda kuwagongea wanafunzi mdundo.

Mtu akitaka kusema uongo wa kazini hahitaji kutunga. Anachagua tu kipande cha ukweli kinachomfaa. Umeme wa Handeni kweli ulikuwa wa kubahatisha. Lakini nilikuwa nimeona Tanga betri zinazoishikilia kompyuta mpaka uifunge vizuri, na nilijua hata bei za jenereta ndogo. Hayo sikuyasema.

Chuo cha Handeni kilifunguliwa baada ya mavuno. Mimi ndiye niliyezipanga mashine nane mezani, nikazipaka mafuta, nikafunika kila moja kwa plastiki kwa ajili ya lile vumbi. Wasichana kumi na mmoja walijiandikisha. Mmoja wao alikuwa Naserian, binti wa wafugaji wa upande wa mbugani, mwembamba, mkimya, ambaye Kiswahili chake cha shule kilikuwa safi kuliko changu. Aliletwa na baba yake, mzee aliyejifunga rubega na kushika fimbo, aliyekuwa ameuza madume mawili ili bintiye asome. Ndugu zake walimwona amerukwa na akili, kuuza ng'ombe kwa ajili ya mtoto wa kike. Yule mzee aliizunguka taipureta pande zote kama anayemkagua ndama, kisha akanigeukia mimi, maana mimi ndiye niliyekuwa na mafuta mikononi.

"Fundi, hii itampa kazi?"

Dada Mwajabu alikuwa amesimama pale pale. Nikasema, "Itampa, mzee."

Mwaka haukuisha. Mtu na mkewe, wageni kutoka Tanga, walifungua chumba cha kompyuta ng'ambo ya barabara, wakaweka jenereta nyuma ya nyumba. Mwanzoni watu walikwenda kushangaa. Kisha walimu wakuu wakaanza kupeleka mitihani huko, kwa sababu ilirudi haina doa la wino mweupe wa kusahihishia, na michoro imo ndani. Barua za maombi zilizopigwa taipu zikaanza kuonekana za kizee. Kilichoumiza zaidi ni matangazo ya kazi yaliyobandikwa kwenye ubao wa wilaya. Kwenye sifa za mwombaji, pale palipokuwa pakiandikwa "awe anajua kupiga chapa", pakaandikwa "awe na ujuzi wa kompyuta". Wasichana wa Handeni walifanya mtihani wao wa mwisho, wote wakafaulu. Naserian alipiga maneno mengi kwa dakika kuliko mwanafunzi yeyote niliyewahi kumsikia. Hakuna aliyepata kazi.

Dada Mwajabu hakulalamika. Alijaribu kila kitu. Alipunguza muda wa kozi, akaongeza somo la kutunza majalada, akaanza kupiga chapa kadi za harusi kwa wino wa rangi mbili. Ubunifu alikuwa nao ule ule. Lakini zamani ubunifu wake ulikuwa unakwenda na mashine, sasa ulikuwa unaivuta.

Na mimi? Mimi nilikuwa nimeiva. Wale mtu na mkewe walimtafuta fundi, wakasikia kuna mmoja Korogwe mwenye cheti cha Tanga. Nikawa nakwenda Handeni mara mbili kwa mwezi, nikiingia kwa mlango wa nyuma, kwenye jenereta. Baada ya hapo nilivuka barabara, nikasafisha taipureta za Dada Mwajabu kama vile nimeshuka kwenye basi muda huo huo.

Siku yenyewe nilikuwa nimepiga magoti chini ya meza ya kompyuta, natafuta waya uliolegea wa mashine ya kuchapa. Mwenye chumba alikuwa amekwenda kununua petroli, mkewe anahudumia wateja. Nikasikia sauti ninayoijua.

"Hodi. Samahani mama, mimi ni jirani yenu wa ng'ambo. Nimekuja kuuliza. Mtu mzima kama mimi, mnaweza kumfundisha?"

"Karibu mama, hakuna asiyefundishika," mke wa mwenye chumba akajibu kwa furaha. "Tena fundi wetu yupo, yeye mwenyewe amejifunza ukubwani. Fundi, hebu toka umwambie mama."

Sikuwa na pa kwenda. Nikatoka chini ya meza.

Dada Mwajabu alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili mbele ya tumbo, kama mwanafunzi. Tulitazamana. Hakushangaa kwa sauti.

"Hoza."

"Shikamoo, dada."

"Marahaba." Akaziangalia kompyuta, akaniangalia mikono. "Umejifunza lini?"

Ningeweza kusema mwezi uliopita. Nilikuwa nimechoka kusema. "Mwaka juzi, dada."

"Mwaka juzi," akarudia. Nilimwona akihesabu. Midomo yake ilitikisika kidogo, mvua ile, stuli ile, taipureta nane. Alipofika mwisho wa hesabu, alitikisa kichwa kama mtu aliyemaliza kusoma barua. Akamgeukia yule mama, "Nashukuru, nitarudi siku nyingine," akatoka. Alivuka barabara bila kuangalia kushoto wala kulia, lori likapiga breki, dereva akatukana. Hakugeuka.

Nilimfuata jioni. Alikuwa anafunika mashine. Nikaanza, "Dada, naomba nikueleze," naye akasema, "Ulizisafisha safari iliyopita, hazina tatizo. Nenda usikose basi." Hicho ndicho alichoniambia. Ijumaa iliyofuata nilipofika Manundu nilikuta amewapa wanafunzi brashi na petroli, wanasafisha wenyewe.

Alifunga Handeni kwanza. Manundu alishikilia miezi kadhaa, wanafunzi wakawa wanne, wakawa wawili, kisha nyumba ikapangishwa kwa muuza vipuri vya baiskeli. Taipureta zake zote alizigawa kwa shule za vijijini. Akarudi Kwaluguru kulima mahindi na mbaazi kwenye shamba la baba yake. Mimi mambo yangu yalinyooka, nayo siyasimulii, maana mnayaona na mnayafanyia kazi. Mkiulizwa kama teknolojia hukuza biashara, semeni ndiyo, mimi ni shahidi. Ila mwulizeni anayeuliza: biashara ya nani?

Miaka ilipita bila mimi kwenda Kwaluguru. Si mbali. Nilikwenda mbali zaidi kutengeneza mashine za watu nisiowajua. Asia alikuwa akinikumbusha, mwishowe akaacha kunikumbusha, na hilo lilikuwa baya zaidi. Nikaja kusikia kwa mwalimu mmoja kwamba Dada Mwajabu anaumwa kisukari, macho yanamwacha. Nikapanda basi.

Nilimkuta amekaa kwenye mkeka nje ya nyumba ya udongo, anapukuchua mahindi kwa kupapasa. Vidole vyake vilikuwa bado vinakwenda haraka, bila kutazama chini.

"Shikamoo, dada. Ni Hoza."

"Marahaba. Nimekujua kwa hatua. Karibu mkeka."

Nilikaa, nikamweleza yote, kuanzia maneno ya Mzee Hasanali mpaka safari za Jumamosi. Nilimwambia nilijua siku ile kwamba namdanganya. Nilimwambia sikuwa na shida kubwa ya maisha ya kunisukuma, ilikuwa hofu tu, na tamaa. Aliendelea kupukuchua mpaka nikamaliza.

"Mimi nilikaa na hasira miaka mitatu," akasema. "Halafu nikaona nami nilikuwa na macho wakati ule. Ningeweza kwenda Tanga nikajionea. Nilikuamini kwa sababu jibu lako lilikuwa rahisi. Kwa hiyo yangu nimeyamaliza, Hoza. Lakini wale watoto wa Handeni hawakuwa na namna ya kujua. Walituamini sisi wawili. Mimi siwezi kutembea tena. Wewe unaweza."

"Nikawaambie nini, dada?"

"Ulichoniambia mimi."

Akaniomba pia nikimpata Naserian nimwambie aje. Alisema, "Yule alikuwa na masikio. Nataka kumsikia."

Ningepaswa kwenda Handeni kesho yake. Nilikuwa na kazi ya shule moja, kisha sikukuu, kisha mvua zikakata barabara. Sababu zote zilikuwa za kweli, kama umeme wa Handeni. Nilikwenda baada ya miezi mitatu. Kati ya wale kumi na mmoja niliwapata wanne. Wawili walikuwa wameolewa, wakanisikiliza kwa adabu, wakanipa maji ya kunywa. Wa tatu alicheka mpaka akakaa chini, akasema alifikiri nimekuja kuwaambia kazi zimepatikana. Naserian nilimpata mnadani, siku ya ng'ombe, anauza maziwa na chai kwenye banda la matete. Baba yake alikuwa amefariki.

"Shikamoo, fundi," alinitambua kabla sijasema.

Nikamwambia, nimesimama, wanunuzi wa ng'ombe wakipita katikati yetu. Alimimina chai ya wateja wawili bila kumwaga tone.

"Baba alikufa anaamini mimi ndiye niliyeshindwa," akasema hatimaye. "Kila aliyemuuliza kuhusu yale madume alijibiwa kwamba fundi alimhakikishia, kwa hiyo kosa ni la mtoto. Ungekuja mapema, ungemwambia."

Hakuningoja nijibu. Aliuliza, "Mwalimu yuko wapi?" Nikamwambia anaumwa, na kwamba amemwita. Akamwachia jirani banda, akavua kanga ya kazi, akajifunga nyingine. "Twende," akasema. "Sasa hivi."

Tulishuka Kwaluguru mchana. Mbali kidogo na nyumba niliona watu wamekaa kwenye mikeka, wanaume upande mmoja, wanawake upande mwingine, na sufuria kubwa tatu juu ya mafiga. Naserian aliona kabla yangu. Alisimama, akashika mdomo. Walikuwa wamemzika jana yake alasiri.

Kaka yake Dada Mwajabu, mzee mwenye kofia na macho yale yale ya dada yake, alikuja kutupokea. Alitupa mkono, akatushukuru kwa kufika, kisha akauliza kwa upole, kama wanavyoulizwa wageni msibani, "Ninyi ni nani wake?"

"Mimi ni mwanafunzi wake," Naserian akajibu.

Yule mzee akamwonyesha pa kukaa kwa akina mama, nao wakasogea wakampa nafasi. Kisha akanigeukia mimi, akangoja. Nilifungua mdomo. Kwa miaka ishirini na kitu nilikuwa nimezoea kujitambulisha popote kwa neno moja, fundi, na mbele ya mzee yule neno hilo lilinikatalia. Akadhani ni majonzi, akanishika bega akanipeleka kwenye mkeka.